Mchongo wa Pili

Kabla mtu yeyote hajamwita mwalimu, Amédée Mwenze alikuwa fundi wa mabenchi. Kila benchi la daraja la tatu lililovunjika lililetwa katika karakana ya reli pale Kamina, enzi za Wabelgiji, na mara nyingi liliishia mikononi mwake. Abiria walikaa juu ya kazi yake kutwa kucha, wakaimwagia mawese, wakachora majina yao kwa visu, na hakuna aliyewahi kuuliza nani aliyezipiga randa zile mbao. Mwenze hakulalamika. Alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, mwenye mikono mikubwa ambayo hakujua pa kuiweka isipokuwa iwe imeshika chombo cha kazi.

Jioni alichonga tembo. Wazungu wa kambi ya jeshi waliwapenda tembo ajabu. Walitaka tembo mwenye mkonga juu, tembo mwenye mkonga chini, tembo wawili wa kubania vitabu, na Mwenze aliwachonga wote bila kinyongo, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kumwona tembo ila kwenye kalenda.

Aliishi katika kambi ya wafanyakazi wa reli, nyumbani kwa dada yake mkubwa Mujinga, jina ambalo kwa Kiluba si tusi, na mumewe Timothée Ngoy, aliyekuwa akifunga na kufungua mabehewa pale stesheni. Mujinga ndiye aliyemlea. Wazazi wao walifariki huko Kabongo wakati Mwenze hajaanza kutembea sawasawa, na Mujinga, ambaye naye alikuwa bado msichana wa kucheza na wenzake, alimfunga mgongoni akaendelea na maisha. Alipochumbiwa alimwambia Timothée wazi kwamba akimtaka yeye atamchukua pamoja na mtoto huyu, la sivyo akatafute mke kwingine. Timothée, maskini, alikubali bila kubisha, na tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya ndoa yao.

Miaka ilipita Mujinga asizae, na watu walisema waliyoyasema. Halafu akazaa mapacha. Kwa Waluba hakuna jambo kubwa kuliko hilo. Wanawake walimiminika kutoka kila nyumba kuja kuimba nyimbo za mapacha, zile zenye matusi ya nguoni ambazo siku nyingine ungepigwa kofi kwa kuzitamka, na mke wa katekista aliimba kwa sauti kuliko wote, kisha Jumapili akajitia hamnazo. Mtoto wa kwanza akaitwa Kyungu, wa pili Kabange, kama ilivyo kawaida ya mapacha. Mujinga naye akapewa heshima ya kuitwa Ina Mapasa, yaani mama wa mapacha, na kwa muda alitembea pale kambini kifua mbele.

Kabange alikufa kwa homa kabla ya kuota meno.

Sasa, pacha hafi akaondoka moja kwa moja. Anabaki karibu, anamwita mwenzake, na yule aliye hai akimsikia sana atamfuata. Ndiyo maana huchongewa mwili wa mti. Mama humwogesha kila anapomwogesha aliye hai, humpaka mafuta, humgusisha uji mdomoni, humlaza kwenye mkeka mmoja na ndugu yake, na mwezi unapoandama humpaka mpemba, ule udongo mweupe, ajue kwamba bado ana watu wake. Si sanamu ya kuabudiwa kama mapadri walivyodhani. Ni mtoto. Mujinga alikwenda misa kila Jumapili, na kila mwezi mpya alimpaka Kabange mpemba, wala hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Padri tu ndiye ambaye hakuambiwa, ili kumwepushia mzee wa watu maumivu ya kichwa.

Aliyemchonga Kabange ni Mwenze. Alichagua kipande cha mti mwekundu mgumu, akakaa nyuma ya nyumba na tezo na kisu, akawa anachonga na kulia, analia na kuchonga. Mtoto akatokea: kichwa kikubwa, tumbo la aliyeshiba, mikono imelishika tumbo, macho yamefumbwa kama anayemsikiliza mtu aliye chumba cha pili. Mujinga alipompokea hakusema asante. Alifungua kikwembe chake, kile kitenge alichojifunga, akamweka kifuani, akaanza kumbembeleza.

Kyungu alikuwa na miaka minne habari ilipofika. Padri aliisoma baada ya misa, kati ya tangazo la ndoa na tangazo la mbuzi aliyepotea. Shule ya sanaa huko Élisabethville ilikuwa inatafuta vijana wenye kipaji cha kuchora, kupaka rangi au kuchonga. Waje na kazi za mikono yao. Watakaokubaliwa watapewa kitanda, chakula na mafunzo ya miaka mitatu, na mwishowe cheti. Nje ya kanisa watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Shule ya kuchora! Kesho watafungua shule ya kupiga miayo.

Mwenze hakucheka. Alirudi nyumbani, bukari, yaani ugali, ikamshinda, akakaa na kuitazama mikono yake. Aliitaka ile nafasi. Tangu azaliwe hakuwahi kutaka kitu namna ile, mpaka akajionea haya. Mabenchi alikuwa anayaweza, tembo alikuwa anawaweza, lakini mara moja tu, siku zile za kumchonga Kabange, alihisi kwamba mikono yake inajua jambo ambalo yeye mwenyewe halijui. Alitaka kwenda mahali ambapo wangemwonyesha ni jambo gani.

Alikuwa na rafiki aitwaye Gaston, mlinzi wa treni, yule anayekaa behewa la mwisho na bendera na filimbi. Kazi yake ya pili, ambayo aliifanya kwa bidii zaidi, ilikuwa kusambaza habari. Gaston alijua nani kafa Bukama na nani kaposa Tenke kabla jamaa zao hawajajua. Habari ya shule ilipotoka, safari iliyofuata alipita kule kuulizia, akarudi na maelezo yote.

"Weye Mwenze, utaonyesha nini kule?" akauliza.

"Tembo."

"Tembo!" Gaston alishika kichwa. "Kila gare, kila stesheni, iko na tembo. Bukama iko, Tenke iko, Jadotville banajaa mpaka banamwangika. Bale bazungu ba masomo banachoka na tembo, ndugu yangu. Hauna kitu ingine?"

Mwenze alikunja mikono kifuani kama mtu aliyempakata mtoto, na Gaston, ambaye alikuwa amekula bukari mara nyingi nyumbani kwa Mujinga na kumwona Kabange mkekani, alielewa.

"Ndiyo, njo ile," akasema polepole. "Njo ile peke yake."

Mwenze alimkuta dada yake jikoni anasonga bukari. Akamweleza yote, huku akitazama chini kama mtoto aliyevunja chungu. Mujinga hakuacha kusonga. Alisonga mpaka bukari ikakaza kupita kiasi.

"Kabange haiko kitu ya kuonyesha bantu," akasema.

"Minajua, Yaya," akasema Mwenze, kama alivyozoea kumwita dada yake mkubwa. "Ni kuona tu. Baone, kiisha narudi naye."

"Na Kyungu atabakia na nani?"

Mapacha hawatenganishwi. Mujinga akienda sokoni na Kyungu, Kabange yumo ndani ya kikwembe. Akienda kuzika watu, wote watatu wanakwenda. Mwenze alisimama pale mlangoni na mikono yake mikubwa, midomo inamcheza. Mujinga akainua macho akamtazama, na alichokiona ni yule mtoto wa Kabongo aliyembeba mgongoni, anayetaka kitu na hathubutu kulia. Hapo ndipo aliposhindwa.

"Sikia muzuri," akasema. "Utamubeba mu kifua, hapana mu valise ya nguo. Utamuambia fasi gani munaenda. Na bakikuuliza ni nini, usiseme ni kitu. Useme ni mutoto ya yaya yangu. Na mbele ya mwezi mupya anakuwa hapa."

"Ndiyo, Yaya."

"Apa."

Mwenze akaapa kwa jina la mama yao.

Kwenye chumba cha mtihani huko Élisabethville waombaji walipangwa kando ya ukuta, kila mmoja na kazi zake miguuni. Palikuwa na tembo wengi sana. Mwenze aliwatoa wa kwake kwa aibu, akawapanga. Mwalimu aliyekuwa akiwapitia aliitwa Monsieur Lucien, Mbelgiji mwembamba mwenye rangi iliyokauka chini ya kucha. Aliwaangalia tembo wa Mwenze, akatikisa kichwa kwa adabu, akataka kupita. Halafu akaona uvimbe kwenye koti.

"Na hapo kifuani una nini?"

Mwenze akamtoa Kabange. Monsieur Lucien alimpokea kwa mikono miwili, akasogea naye dirishani, akamgeuza polepole kwenye mwanga.

"Hiki ni nini?" akauliza hatimaye.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini pembeni walikaa vijana wa misheni waliovaa tai, na karani mmoja Mkongo mwenye miwani, na Mwenze aliona, au alidhani ameona, yule karani anatabasamu. Akajiwazia akisema: ni mtoto wa dada yangu, anakula uji. Akawasikia wakicheka. Mshenzi kutoka Kamina, anayelisha vijiti!

"Ni sanamu tu, Monsieur," akasema.

"Umeichonga wewe?"

"Mimi."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

Alikubaliwa siku ile ile, na masomo yakaanza wiki ile ile. Gaston alirudi Kamina na habari, na treni ilikuwa haijasimama vizuri kambi nzima ilipoanza kushangilia. Mujinga naye alicheka na kupiga vigelegele, kisha akauliza Kabange yuko wapi.

Kabange alikuwa juu ya rafu. Monsieur Lucien alimweka pale ili wanafunzi wote wamwone, akamwuliza Mwenze kama kazi hii inaweza kubaki mpaka maonyesho ya mwisho wa mwaka. Aliuliza, tena kwa upole. Hakuna aliyemlazimisha Mwenze, na mimi sitaki kumtafutia mtu mwingine wa kumsingizia. Alisema ndiyo kwa mdomo wake mwenyewe, kwa kuogopa kwamba akikataa ataulizwa sababu, na sababu ndiyo ile aliyokwisha kuikana.

Ukiacha jambo hilo, alikuwa na furaha isiyo na kifani. Asubuhi alipewa karatasi nyeupe kubwa, akapangusa mikono kwanza kabla ya kuigusa. Walifundishwa kuchora chungu kimoja kwa kila upande, kukirudia na kukirudia mpaka mkono uone wenyewe. Walifundishwa udongo, rangi, kivuli. Mlangoni palikuwa na ubao wa matangazo, na kila habari njema ya wanafunzi ilibandikwa pale: shindano la mabango, kazi ya kupamba ukuta wa hoteli, mgeni atakayekuja kununua michoro. Mwenze alikuwa anausoma ule ubao kila asubuhi kwa hamu ya mtu mwenye njaa. Ila kila alipopita chini ya rafu aliinamisha macho.

Mwezi ukaandama. Gaston akaja. "Yaya yako anauliza."

"Muambie bado kidogo."

Mwezi mwingine ukaandama. Safari hii Gaston hakutania. "Kyungu halali. Anapapasa mu mukeka, anatafuta mwenzake. Mujinga anasema unajua ni juu ya nini."

"Muambie iko karibu."

"Karibu ya wapi?" Gaston akauliza, lakini Mwenze alikuwa ameshageuka.

Maonyesho ya mwisho wa mwaka yalipopita, Mwenze alikuwa amejiandaa kweli kumchukua Kabange na kumpeleka nyumbani. Asubuhi ile alikuta wenzake wamesongamana mbele ya ubao. Kazi chache zilikuwa zimechaguliwa kupelekwa Ulaya, kuonyeshwa na kuuzwa kwa sifa ya shule, na ambaye kazi yake itapendwa huenda naye akaitwa kwenda kusoma huko. Jina lake lilikuwa la pili. *Mwenze Amédée, sanamu ndogo, mti.* Wenzake walimbeba juu juu. Walimwimbia. Alipotua chini alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa Monsieur Lucien ili aseme yote, akasimama pale roho mkononi. Mlango ukafunguka, Monsieur akatoka akicheka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema anajivunia. Mwenze akasema asante, akarudi darasani.

Kwa kuwa alikuwa fundi wa mbao, ndiye aliyeambiwa atengeneze masanduku. Akayatengeneza, tena vizuri, kwani hakujua kutengeneza vibaya. Akamlaza Kabange kwenye majani makavu. Alitamani amwambie anakwenda wapi, kama alivyoagizwa, lakini wenzake walikuwa wamemzunguka wanapiga soga na kumpa misumari. Akapigilia kifuniko.

Wiki ile Gaston alileta ujumbe mfupi. Mujinga anasema hataki tena kusikia "karibu". Mvua ikipungua atapanda treni mwenyewe.

Mwenze akaingiwa na hofu, na katika hofu akapata wazo, na wazo lenyewe alilipata darasani. Si wamefundishwa kurudia kitu kilekile? Alijua ukubwa wa Kabange, uzito wake, mkao wake. Kuhusu mambo ya mapacha alijua yale ya nje tu, anayoyajua mwanamume aliyekulia kwenye mabenchi ya misheni. Yale ya ndani hukaa kwa akina mama na hakuwahi kuyauliza. Akatafuta mti mwekundu mgumu, akachonga kila baada ya darasa. Kazi ilikwenda vizuri, vizuri mno, kuliko ile ya kwanza. Mkono ulikuwa umesoma. Tatizo lilikuwa uso. Kila alipoutafuta uso wa Kabange haukuja. Mtoto alikufa mchanga, na miaka imepita. Uso uliokuja ni ule anaoujua, wa mtoto aliyekuwa akimkalia magotini na kumvuta masikio. Akauacha uje. Akafurahi hata, aibu iliyoje, kwa jinsi ulivyokuja.

Akamkabidhi Gaston ndani ya kitambaa. "Muambie amerudi."

Gaston ndiye aliyesimulia yaliyotokea. Mujinga alipokea mzigo mlangoni, akaufungua palepale akiwa bado anacheka kwa furaha. Halafu akaacha kucheka. Mashavu yale, kipaji kile cha uso, masikio yale yaliyosimama. Kyungu akaja mbio kuchungulia, akapiga makofi na kujigusa kifua.

"Mama, ona! Ni minyi!"

Mujinga alimziba mtoto mdomo kwa kiganja. Akafunga kitambaa upesi, akamrudishia Gaston mzigo wake.

"Rudisha. Rudisha leo. Muambie Mwenze, Kyungu yangu iko muzima. Iko muzima! Juu ya nini anamuchongea?"

Gaston alipofika Élisabethville alimtupia Mwenze mzigo ule kitandani, na kwa mara ya kwanza katika urafiki wao hakuwa na mzaha wowote. "Muntu anachongewa akikufa," akasema. "Bakikuchongea na weye uko unapumua, banakuitia kaburi. Ile hata minyi minajua, na minyi siko mama ya mapacha. Kabange iko wapi, Mwenze?"

Mwenze akafungua kitambaa akatazama kazi ya mikono yake, na sasa na yeye akaona. Akakaa kitandani, mchongo magotini. Mwili wa Kyungu ulikuwa tayari, na ni yeye aliyeutengeneza, bila kombo, kuanzia utosi mpaka vidole.

Masika yale surua iliingia Kamina. Iliingia kambi ya reli, ikaingia cité, ule mtaa wa Waafrika, ikachukua watoto wa mkuu wa stesheni na mjukuu wa katekista na wengine ambao mama zao hawakuwahi kuzaa mapacha. Muuguzi alisema ni surua, na mimi nasema ni surua. Lakini Mujinga hakuwa na nafasi ya kufikiria watoto wa wenzake. Kyungu alishikwa na homa, macho yakawa mekundu, akawa anapapasa mkekani upande ule uliokuwa wa ndugu yake. Mujinga alimwogesha, akamnywesha dawa za muuguzi na za bibi wa jirani, akaita watakatifu wote. Mtoto akafa.

Habari ilimfikia Mwenze kwa Gaston, kama zote. Kabla ya kupanda treni alikwenda kwa Monsieur Lucien, na safari hii hakungoja mlangoni. Akamwambia yote: kwamba ile haikuwa sanamu, kwamba ni mtoto, kwamba ana mama. Monsieur alikaa chini kwenye kiti chake.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" akasema. "Ungeniambia, ningekurudishia siku ileile. Nafasi yako ungeipata vilevile."

Baadaye Monsieur aliandika huko Ulaya, tena si mara moja. Jibu lilikuwa kwamba sanamu ilipendwa sana, ikanunuliwa na msafiri aliyelipa na kuondoka nayo, na hakuna aliyejua anakaa mji gani. Lakini siku ile Mwenze hakujua bado hayo. Alichobeba kwenye treni ni yale maneno ya kwamba angeipata nafasi vilevile, na yalimkereketa njia nzima. Alikalia benchi alilolitengeneza mwenyewe, na hakulijua.

Alifika Kyungu ameshazikwa. Timothée alikuwa stesheni, kazini, kwa sababu reli haijui msiba. Alimpokea mfuko tu, akatembea mbele. Nyumbani wanawake walikuwa wamekaa chini, na Mujinga alikuwa kwenye mkeka, amenyolewa nywele, mdogo kuliko Mwenze alivyomkumbuka. Mwenze akapiga magoti.

"Kyungu uko naye?" Mujinga akauliza.

Mwenze akatoa mchongo wa pili. Mujinga aliupokea na kumtazama Kyungu usoni kwa muda mrefu. Safari hii hakurudisha. Akaomba maji, akamwogesha, akampaka mafuta, akamlaza mkekani upande wake wa zamani. Kisha akapapasa ule upande mwingine uliokuwa mtupu.

"Na mwenzake?"

Basi Mwenze akasema. Alisema alivyoulizwa na alivyojibu, na karani aliyetabasamu, na rafu, na ubao, na sanduku, na misumari. Hakujitetea. Wanawake walishika vinywa. Mmoja akaanza kumlaani kwa Kiluba, na Mujinga akainua mkono akamnyamazisha.

"Yaya, naacha masomo," Mwenze akasema, machozi yanamdondoka juu ya ile mikono mikubwa. "Narudi mu atelier ya mabenchi. Sitachonga tena kitu. Nitakaa hapa, nitakutumikia mpaka nife."

Alitaka apigwe. Alitaka afukuzwe, au asamehewe, lolote kati ya hayo. Alikuwa ameliandaa lile neno la kuacha masomo tangu Tenke, kwani ndilo kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo ya kutoa.

Mujinga alimtazama bila hasira, na hilo lilimtisha zaidi.

"Hapana," akasema. "Utarudi kule. Ile masomo yako inakula batoto bangu babili. Ukiacha, banakufa bule. Utasoma, Mwenze. Utasoma mpaka iishe."

"Yaya, sitaweza."

"Utaweza. Na usikuje hapa mbele ya kumaliza. Sina nguvu ya kukuona."

Siku ya pili alimsindikiza yeye mwenyewe mpaka stesheni, Kyungu wa mti akiwa mgongoni ndani ya kikwembe, mbele ya watu wote, mbele ya padri aliyekuwa anangoja treni ya kwenda Kabondo-Dianda. Padri alitazama, akafungua mdomo, akaona uso wa yule mama, akaufunga. Mujinga hakusubiri treni iondoke.

Mwenze alirudi darasani. Alichora kila alichoambiwa achore, akachonga kila alichoambiwa achonge, wala ubao wa matangazo hakuusoma tena. Wenzake ndio waliomwambia alipochaguliwa hapa na pale. Alipoitwa kwenda Ulaya alikataa, akasema amri aliyopewa ni kumaliza tu. Wengine walimwona ana majivuno. Kwa miaka ile yote hakushindwa mtihani hata mmoja, maana hakuthubutu.

Alimaliza wa kwanza. Siku ya vyeti ukumbi ulijaa, jina lake likaitwa, watu wakasimama kumpigia makofi. Alipanda jukwaani, akapokea kile cheti, na kadiri walivyozidi kupiga makofi ndivyo alivyozidi kulia, mpaka Monsieur Lucien akaja akamshika bega na kumshusha. Jioni ileile alipanda treni ya Kamina. Mujinga alimfungulia mlango, akakipokea cheti, akakigeuza huku na huku kwa kuwa hakujua kusoma.

"Inaisha?" akauliza.

"Inaisha, Yaya."

"Basi ingia ukule," akasema, akamsogezea maji ya kunawa.